Sitara ya Mbonea

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, Mama Nambua alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu: kusoma ukuta. Alivaa miwani, akakaza kanga kiunoni, akasimama sebuleni mbele ya vivuli vitatu vya watu wa nyumba yake. Kila kivuli kilisimama wima kama mwenyewe, moyo, figo, ini na vingine vyote vikionekana kwa rangi zake, na yeye akaanza kutoa hukumu utadhani ndiye aliyewaumba.

"Mimi goti lina njano," alisema asubuhi hiyo. "Hilo ni la uzee, silijali. Mbonea mwanangu, kijani. Kifua kijani, figo kijani, na huko chini nako kijani kitupu. Asante Mungu. Sasa huyu mwenzetu..."

Naetwe, mkwe wake, alikuwa anakata mkate. Hakugeuka.

"Kale kadoa kapo palepale. Ka njano, kwenye mfuko wa uzazi. Kamejikalia."

"Nimekaona, mama," Naetwe akasema.

Sisi wa Kwanamba tumezoea kuta hizi, wala hatushangai tena. Mtoto akizaliwa huku milimani Upare, siku anapopewa jina ndiyo siku anapochomwa sindano ya vijumbe, vile vidude visivyoonekana kwa macho vinavyoogelea kwenye damu yake maisha yote na kupeleka habari ukutani. Figo ikichoka, ukuta unajua kabla yako. Ndiyo maana siku hizi hatufi hovyo. Ndiyo maana pia mama mkwe anajua habari za tumbo lako kabla hujapiga mswaki, na kama hilo ni jambo jema, basi mimi sijui ubaya ni nini.

Mbonea alikuwa mezani, ameegemea tako la kulia. Hakuweza kukaa sawasawa. Maumivu yalikuwa yameanza tangu alfajiri, nyuma ya korodani ya kushoto, yakapanda kwenye nyonga na kutulia hapo. Alikunywa chai, akatazama kile kivuli chake cha kijani ukutani, akatamani kukitemea mate. Kile kijani cha huko chini kilikuwa cha uongo, na mtu aliyeujua uongo huo mezani pale alikuwa yeye peke yake.

Ipo sheria, inaitwa sitara. Kila mtu mzima anaruhusiwa kufunika sehemu moja ya kivuli chake. Mwanzoni iliyofunikwa ilionekana nyeusi, ikawa balaa. Ukiona weusi kifuani mwa jirani, umbea unaanza. Weusi kichwani, mchumba anarudisha posa. Basi wakubwa wakaamua kilichofunikwa kionekane kizima. Ukifunika, kinakuwa kijani. Watu walishangilia sana siku hiyo.

Ukuta ukalia kengele. Ile sauti ya kike, ambayo huzungumza vilevile wakati wa harusi na wakati wa msiba, ikasema: "Naetwe Mgonja, nafasi yako katika hospitali ya rufaa imepatikana. Ufike Ijumaa. Mfuko wako mpya wa uzazi umekomaa na uko tayari kupandikizwa."

Mama Nambua akapiga vigelegele peke yake, mikono juu.

Naetwe akaweka kisu chini. "Na huu wa zamani?" akauliza ukuta.

"Utaondolewa wote. Haurudishwi."

"Na huo mpya mwili ukiukataa?"

"Uwezekano huo upo kwa baadhi ya wagonjwa. Ukitokea, mfuko mpya nao utaondolewa."

"Usianze kujitabiria mabaya," Mama Nambua akasema. "Baba yenu mdogo Kajiru ameshasema kwenye msaragambo wa Alhamisi, kijiji kizima kikikutana kwa kazi, watakuombea wote. Mbonea! Mbona umenuna? Mkeo anakwenda kupona."

"Sijanuna, mama," Mbonea akasema. Akainuka, akaaga, akatoka. Alipofika nje ya uzio ndipo akaanza kuchechemea.

*

Msoma vivuli wa zahanati yetu ni mwanamke wa Kichaga kutoka Machame, anaitwa Aikande. Kwa asiyejua, Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya jeneza la baba yako, na bado ukampakulia chakula.

"Karibu, Mpare," Aikande alisema bila kuinua macho. "Leo unamshtaki nani?"

"Wewe. Umeiba hewa ya milima yetu."

"Mchaga haibi kitu kisichouzika. Kaa."

Mbonea akakaa, na uso ukamkunjamana. Aikande akamwona. Akainuka, akafunga mlango kwa ufunguo, na aliporudi utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Inauma wapi?"

"Palepale."

"Palepale ni wapi? Wewe ni mtu mzima, pataje."

Mbonea akatazama sakafu. "Huku... nyuma ya korodani. Kushoto. Inapanda kwenye nyonga, mara inashuka pajani. Nikikojoa inachoma. Nikikaa sana kiwandani, kusimama ni shughuli. Na nikiwa na mke wangu, mwishoni pale..."

"Inakukata kama kisu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unamkwepa."

"Ndiyo."

"Na yeye anadhani umemchoka."

Hilo Mbonea hakuwa amelifikiria hata mara moja. Alikuwa ameshughulika mno na aibu yake mwenyewe hata hakuona kwamba imemwangukia mtu mwingine. Akajisikia vibaya, akakosa pa kuweka mikono.

Aikande akagusa meza, kivuli cha Mbonea kikasimama katikati ya chumba. Kilikuwa kijani. Akasema maneno yake ya kazi, na sitara ikafunguka kwa macho yao wawili tu. Huko chini kukawaka wekundu, upande wa kushoto zaidi, na mwingine kwa ndani, kwenye tezi dume.

"Mwaka juzi, masika, ulikuja hapa nikakuonyesha hivi hivi," Aikande akasema. "Ukaniambia nini?"

"Nifunikie kwanza, mengine baadaye."

"Nikakwambia uje na mkeo tuzungumze habari za watoto. Nimekuita mara ngapi? Ukiniona sokoni unajificha nyuma ya magunia ya tangawizi. Mtu mrefu hivyo! Haya, leo utasikiliza." Akakikuza kivuli mpaka ule wekundu ukawa mkubwa kama ungo. "Unaona huu uzi uliojikunjakunja? Huu ni mrija. Umejibana hapa nyuma ya korodani, lakini ukiunyoosha ni mrefu kuliko chumba hiki. Mbegu za kiume zinapitia humu zikikomaa, humu ndimo zinapojifunza kuogelea. Wako umevimba. Na si ule uvimbe wa kuja na kuondoka, huu ni sugu. Mwili wako umewasha moto na hauzimi."

"Aikande, naapa kwa Mungu, sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu."

"Nani amekuuliza?"

"Watu wataniuliza."

"Watu wajinga wataniuliza hata mimi. Upo ugonjwa huu unaotokana na zinaa, ndiyo. Upo unaotokana na kifua kikuu. Upo ambao hata sisi hatujui umetoka wapi. Wako umetokana na kichocho."

Mbonea alicheka kwa kukosa la kufanya. "Kichocho ni cha watoto wa mabondeni."

"Kilikuwa. Joto lilivyopanda, konokono nao wakapanda. Wako kwenye ndiva yenu, wamenenepa."

Ndiva ni bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, walilolichimba mababu. Kila mwaka wanaume wote wa Kwanamba huingia humo, maji magotini, kutoa tope kwa msaragambo, maana yake kazi ya wote bila malipo. Asiyeingia haitwi mwanaume. Mbonea alianza kuingia tangu sauti haijakwaruza.

"Minyoo ya kichocho hutaga mayai," Aikande akaendelea. "Mengine hutoka na mkojo. Mengine hupotea njia, yanakwama kwenye tezi dume, kwenye huu mrija. Mwili ukikuta yai ambalo haulitambui, unalijengea ukuta. Yai jingine, ukuta mwingine. Kuta zikizidi, njia inaziba. Mbegu zako zinatengenezwa vizuri tu, Mbonea. Zinakosa pa kutokea."

"Inatibika?"

"Minyoo itakufa, dawa yake ni rahisi. Uvimbe tutautuliza polepole, na sikudanganyi, maumivu yanaweza kurudi mara moja moja. Makovu hayaondoki. Lakini mtoto tunaweza kumpata: tunazichukua mbegu kwa sindano hukohuko zinakotengenezwa, tunampandikizia mkeo. Kwenye mfuko wake wa uzazi. Unanisikia? Huuhuu alio nao."

"Na kile kidoa chake?"

"Kivimbe kidogo cha kawaida. Wanawake tele wanacho na wanazaa. Nilimwambia hivyo. Akaniuliza, sasa kama si hiki, kizuizi ni nini? Nikawa bubu." Akamtazama Mbonea usoni. "Unajua kuwa bubu mbele ya mtu anayelia?"

Mbonea akasogea mbele ya kiti. "Basi wapigie hospitali. Waambie waahirishe."

"Niwaambie kwa nini?"

"Chochote. Sema ulisoma vibaya."

"Sikusoma vibaya. Uongo uliopo unatosha, sitaongeza wangu. Wao huko wanaangalia vivuli tu. Siku hizi nani anamshika mgonjwa kwa mkono, nani anampa mwanaume kichupa cha kupimia mbegu? Wameona mume kijani, mke ana doa. Wamemaliza."

"Basi mwambie wewe Naetwe. Wewe ni mwanamke mwenzake."

"Nikifungua sitara yako bila ridhaa yako nafungwa jela, na nitakuwa nimestahili." Aikande akakizima kivuli. "Kabla ya sheria hii kaka yangu alikuwa dereva. Ukuta ukaonyesha ana kifafa cha utotoni ambacho kilishapona. Wakamfukuza, mke akaondoka, naye akajinyonga. Mimi niliandamana kuidai sitara, Mbonea. Nimepigwa virungu kwa ajili yake. Siwezi kuivunja hata kwa Naetwe, na Mungu anisamehe, maana yule mwanamke nampenda. Aliyefunika ndiye anayefunua."

"Watu watanicheka."

"Watakucheka."

"Wataniita mgumba."

"Yeye ameitwa hivyo kwa muda gani?"

Mbonea akainuka kuondoka. Alipofika mlangoni akageuka. "Ni mimi peke yangu mwenye ugonjwa huu hapa Kwanamba?"

"Siruhusiwi kukuambia. Lakini nami nikuulize: kwenye ndiva mnaingia wangapi?"

*

Alirudi nyumbani jioni akiwa ameyapanga maneno. Yalikuwa machache na ya wazi. Akamkuta Naetwe chumbani, begi liko wazi kitandani, naye anakunja nguo.

"Mama amenipa kanga yake mpya niende nayo," Naetwe akasema. "Mara ya kwanza ananipa kitu tangu nije hapa. Fikiria."

"Naetwe."

"Halafu kanisani leo wamenishika tumbo tena. Mikono ya kina mama kumi, mmoja ananibinya kabisa, nikajisikia unga wa chapati." Alicheka, kisha kicheko kikaisha. Akakaa kitandani. "Mbonea, nikuulize kitu, na usikasirike. Umenichoka?"

"Hapana. Hapana kabisa."

"Sasa mbona unalala umegeukia ukuta?"

Hapa ndipo maneno yalipotakiwa kutoka. Alikuwa nayo mdomoni. "Kazi," akasema. "Kiwandani kuna kazi nyingi."

"Usinifiche. Najua ni hiki kidoa. Sikulaumu, mwanaume mzima kama wewe, unatazama ule ukuta kila siku unajiona kijani halafu unanitazama mimi..." Alichukua blauzi, akaikunja, akaikunjua tena. "Naogopa, unajua. Sijamwambia mtu. Naogopa kuamka nikiwa mtupu ndani. Lakini nimemwambia mama, mwili ukiukataa huo mpya, uoe. Nimeridhia. Ninachoomba usimlete hapahapa nyumbani."

Mbonea aliona machozi yanampanda. Akafungua mdomo.

"Naetwe."

"Mm?"

"Umeweka soksi? Huko wodini kuna baridi."

Naetwe akamtazama kidogo, akaenda kutafuta soksi. Mbonea akabaki ameshika kitasa cha mlango, akijiona takataka. Alikuwa amemwona mkewe anajitoa mwili na ndoa kwa ajili ya kosa lisilo lake, naye akampa ushauri wa soksi. Ningekuwapo ningemzaba kofi, na nadhani angenishukuru.

*

Alhamisi kijiji kizima kilikuwa ndivani. Wanaume wamepandisha suruali hadi magotini, majembe begani. Wanawake wamekaa upande wa juu na masufuria ya makande, Naetwe kati yao, amejifunga ile kanga mpya. Pembeni ulisimama ubao wa ndiva, mkubwa kama mlango wa ghala, uliowekwa ili mwenye moyo mbovu au kifafa asiingie majini. Kila mwanaume aliweka kiganja, kivuli chake kikatokea, ubao ukamruhusu. Wote kijani. Wanaume wa Kwanamba ni wazima sana, ukiuliza ubao.

Mwenyekiti wa ndiva ni Kajiru, baba mdogo wa Mbonea, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Akamsimamisha Naetwe.

"Ndugu zangu, mkwe wetu anasafiri kesho. Shamba likikataa mbegu, huligombezi shamba. Unatafuta jingine. Sisi tuna bahati, shamba jingine limeoteshwa, liko tayari. Nenda mwanangu, urudi utuletee Mgonja mwingine wa kuingia ndiva hii."

"Amina!" wanawake wakaitikia. Mama Nambua aliitikia mara mbili. Naetwe aliinamisha kichwa.

Aikande alikuwa nyuma ya masufuria, bakuli la makande mkononi. Akainuka.

"Wapare bwana!" akapaza sauti. "Watu wa ajabu! Mnang'oa shamba zima, mbegu mmezipima? Kwa ubahili wenu mmepanda mbegu za mwaka juzi, zimeshatobolewa na dumuzi!"

Ndiva nzima ikaangua kicheko. Watu walishikana mabega.

"Mchaga wewe!" Kajiru akajibu, anafuta macho. "Mbegu unayoijua wewe ni ulezi wa pombe yenu ya mbege!"

Mpaka leo watu wanabishana kama Aikande alivunja kiapo siku ile. Mimi nasema hakuvunja. Msoma vivuli alinyamaza, aliyesema ni mtani, na mtani hana kiapo. Ubaya ni kwamba mtani akisema kweli, hakuna anayeisikia.

Hata Naetwe alicheka. Kisha akamtafuta mumewe kwa macho, ili wacheke pamoja, akamkuta Mbonea hacheki. Amesimama ukingoni mwa maji, midomo imekauka.

"Anasema kweli," Mbonea akasema. "Mbegu ndiyo mbovu."

Kicheko kikapanda upya. "Eh! Mbonea leo amekula nini?"

"Sitanii. Mimi ndiye mgonjwa. Siyo yeye."

"Haya, mpeni makande huyu, njaa imempanda kichwani!" Mtu mmoja alicheka mpaka akaangusha jembe. Mama Nambua alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwanangu ana vituko," aliwaambia wenzake. "Tangu utoto."

Mbonea aliwatazama. Aliteseka miaka kuogopa kusema, na sasa amesema, tena kwa sauti, mara mbili, na wanampigia makofi. Mlango wa kurudi nyuma ulikuwa wazi kabisa. Angecheka nao tu, akaingia majini, na hakuna ambaye angekumbuka. Akamtazama Naetwe. Naetwe alikuwa ameacha kucheka.

Akaenda kwenye ubao, akaweka kiganja.

"Mbonea Mgonja," ubao ukasema. "Mzima. Unaruhusiwa kuingia majini."

"Fungua sitara."

Vicheko vikapungua. Kuna waliodhani hawakusikia vizuri.

"Sitara ikifunguliwa hadharani haifungwi tena," ubao ukasema. "Thibitisha."

Aliwaza wenzake wa kiwandani. Aliwaza kijiwe cha kahawa, jina jipya ambalo watampa, na jinsi watakavyonyamaza akipita kisha waendelee. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Nathibitisha."

Wekundu ukatokea. Juu ya ubao ule mkubwa, mbele ya baba zake na wajomba zake na kina mama wa kanisa, uchi wake wa ndani ukasimama umewaka, na hakuna jicho ambalo lingeweza kujifanya halioni. Hakuna aliyecheka.

Mama Nambua ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea. Alikimbia, uzee wake na goti lake, akivua kanga ya mabegani, akaitandaza juu ya ubao kwa mikono miwili. Picha ikapenya kwenye kitambaa, ikawa juu ya kanga na juu ya vidole vyake.

"Funga, mwanangu!" alisema, analia. "Funga, watu wanaona!"

"Haifungiki, mama."

Akamshika mabega, akamwondoa pale taratibu. Kisha akawageukia watu, akasema yote, kwa sauti iliyokuwa inakatika: kwamba ni kichocho, kwamba kimetoka kwenye maji haya, kwamba si zinaa wala si laana, kwamba mrija umeziba na Naetwe hana kosa hata kidogo, hajawahi kuwa nalo.

Baba mdogo Kajiru akakohoa. "Haya, tumesikia. Tumesikia. Tuingieni majini sasa, jua linapanda."

Hakuna aliyeingia. Wanaume walitazama maji, wakatazama ubao, hawakutazamana. Kisha Kajiru mwenyewe, aliyeingia ndiva ile kabla Mbonea hajazaliwa, akainama akaanza kuteremsha suruali yake kutoka magotini, mguu mmoja, halafu wa pili. "Mgongo unanisumbua leo," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika mbali. Mwingine akasema ana homa. Mwingine alikumbuka ana mgeni nyumbani. Kila mwanaume pale alipata ugonjwa wake wa ghafla. Aikande alikuwa amekaa chini, analia ndani ya bakuli la makande.

Naetwe akashuka taratibu, akasimama mbele ya ubao. Alitazama kwa muda mrefu kile alichokuwa amenyimwa kukiona.

"Tangu lini?" akauliza.

"Maumivu, tangu zamani. Kuoneshwa, masika ya mwaka juzi."

"Mwaka juzi." Alirudia polepole. "Nilipokunywa yale majani aliyonipa mama ili nishike mimba, nikatapika damu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakisia. Sikutaka kujua."

"Nilipokuambia uoe?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniuliza soksi."

Mbonea alipiga magoti, pale kwenye tope, mbele ya watu. Nadhani hata hakujua kwamba amepiga. "Nisamehe. Niliona aibu."

"Niliona aibu na mimi," Naetwe akasema. "Kila siku, kabla ya chai."

Hakupaza sauti. Aliivua ile kanga mpya kiunoni, akaikunja vizuri, akamrudishia Mama Nambua.

"Kesho gari nitapanda vilevile," akasema. "Ila siendi hospitali. Naenda kwetu."

"Utarudi?" Mbonea akauliza.

"Sijui. Wewe ulikaa na lako miaka miwili. Na mimi niachie nikae na langu."

Asubuhi ya Ijumaa Mbonea alikuwa zahanati, wa kwanza mlangoni. Nyuma yake kwenye benchi walikaa wanaume kadhaa wa Kwanamba wakizungumzia bei ya tangawizi, na Kajiru kati yao, amejifunika kofia mpaka kwenye nyusi. Kutoka pale benchi mtu anaiona barabara kuu. Ndiyo maana wote walimwona Naetwe anashuka kilima mikono mitupu, na nyuma yake Mama Nambua, begi la mkwewe kichwani, anachechemea kwa lile goti. Mama mkwe kumbebea mke wa mwanawe mzigo ni jambo ambalo huku kwetu halijapata kuonekana. Mara mbili mama yule alisimama, akasema kitu. Naetwe hakumjibu, wala hakumpokea mzigo, aliendelea kutembea mbele, na bibi yule akaendelea kumfuata.